Mto Utapungua

Kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, Kelestini alishuka kivukoni kusoma ubao. Ubao ulikuwa umepigiliwa kwenye nguzo iliyosimikwa mtoni, umechorwa namba za futi kwa rangi nyeusi. Kazi yake ilikuwa kuangalia maji yamefika namba gani na kuandika kwenye daftari. Mara moja kwa wiki alituma karatasi kwa Bwana Mpimaji, Mzungu mwenye kambi huko juu, upande wa Chita, aliyekuja kupima mito ya bonde lote la Kilombero.

Watu wa Ifakara walimwita karani wa maji. Alikuwa amemaliza darasa la nane, kaptula yake ya kaki ilikuwa na mstari wa pasi hata siku za tope, na alijua Kiingereza. Hapo ndipo heshima yake ilipokuwa. Mtu akipata karatasi yoyote ya serikali aliipeleka kwa Kelestini, naye aliipokea, akaitazama kidogo, akaisema kwa Kiswahili bila kusita. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema, "Hapa sijui." Neno lisilojulikana aliliruka kama mtu anavyoruka dimbwi njiani, na mara nyingi maana aliikuta mbele, imekaa kavu inamsubiri.

Masika ya mwaka hamsini na sita yalikuja na kishindo. Wiki ya pili baada ya Pasaka mto ulitoka kitandani mwake ukalala mbugani. Watu waliokuwa wamehamia kwenye mashamba ya mpunga, kila mmoja juu ya dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo, walikimbia na mitumbwi wakaja kulundikana mjini, mtaa wa Kibaoni. Wengine walilala kwa ndugu, wengine kwenye darasa la shule. Mama mkwe wa Kelestini, Bibi Balbina, alifikia kwa binti yake Verediana, akiwa na kuku watatu na kibuyu cha mbegu. Jirani yake wa mbugani, mvuvi aitwaye Hermenegildi, alipata kona ya darasa pamoja na mkewe Margareta.

Zikapita siku kumi. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, na kila aliyekimbia alikuwa ameacha akiba ya chakula juu ya dungu. Mjini watu walikuwa wakichemsha majani ya maboga bila unga. Bibi Balbina aliamka kila siku na swali lile lile.

"Baba Digna, ubao unasemaje?"

"Futi kumi na tano, mama. Haujashuka."

"Ndege watatumalizia mpunga tukiwa tumekaa hapa tunatazamana."

Siku ya kumi na moja maji yakashuka nusu futi. Siku hiyo hiyo, karibu na adhuhuri, tarishi mmoja aitwaye Barnaba alitokea kutoka Chita, miguu imevimba, baiskeli ameiacha njiani kwenye tope. Alikuwa na karatasi ya Bwana Mpimaji, imefungwa ndani ya kipande cha turubai. Kelestini alikuwa amesimama uwanjani mwa shule na jumbe. Kabla hajaifungua, watu walikuwa wameshamzunguka.

Karatasi ilikuwa na sentensi mbili tu. Jicho lake likaangukia neno moja, *abated*, na moyo wake ukatulia. Neno hilo alilijua. Alipokuwa darasa la saba, mwalimu mmoja aliandika ubaoni maneno tisa yaliyopangwa kwa kufuata herufi, *abate* likiwa juu kabisa na *wane* chini kabisa. Katikati kulikuwa na *dwindle*, *ebb*, *fade*, *subside* na mengine. Darasa zima liliyaimba asubuhi nzima. Kijana mmoja alipouliza tofauti yake, mwalimu alikuwa amechoka. Alisema, "Yote hayo ni kupungua. Andikeni: kupungua." Nao wakaandika.

Na sasa kwenye sentensi ya pili kulikuwa na *subside*. Maneno mawili ya kupungua kwenye karatasi moja! Mvua imepungua, mto utapungua. Mbele ya hapo kulikuwa na "baada ya" na "pili", halafu neno fupi ambalo hakuwahi kukutana nalo, *crest*. Baada ya *crest* ya pili. Alilitazama. Herufi tano tu. Alifikiri, labda ni siku. Labda Wazungu wa mito wana jina lao la siku, kama mabaharia.

Padre wa misheni angelijua. Kutoka shuleni hadi kwake ni mwendo wa nusu saa. Lakini watu walikuwa wamemkazia macho, na mbele kabisa amesimama mama mkwe wake. Kuikunja karatasi sasa na kwenda kuuliza ingekuwa kutangaza mbele ya Ifakara yote kwamba karani wa maji naye ana wa kumsomea.

"Inasema," akaanza, kwa ile sauti yake ya kusomea, "mvua huko juu imepungua. Mto nao utapungua baada ya siku ya pili."

"Siku ya pili kuanzia leo?" jumbe akauliza.

"Kuanzia leo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Margareta, mke wa Hermenegildi, mwanamke mrefu mwenye mwanya, alimshika Kelestini mikono yote miwili akasema, "Mungu akubariki, karani. Nilikuwa nimeshaanza kuota ugali."

Siku ya pili ubao ulisoma futi kumi na tatu. Kelestini aliutazama akacheka peke yake kwa faraja. Ubao umekubali. Asubuhi ile watu wa mbugani walianza kushuka, mtumbwi baada ya mtumbwi. Verediana alisema ataandamana na mama yake kumsaidia kuamia, kufukuza ndege wasile mpunga, na Digna, binti yao wa miaka mitano, akalia mpaka naye akachukuliwa. Kelestini ndiye aliyemnyanyua akamkalisha mtumbwini, juu ya mkeka, kuku pembeni.

"Jumapili nitakuja," alisema.

"Njoo na chumvi," Verediana akajibu.

Siku ya tano tangu karatasi ile ifike, asubuhi, ubao ulisoma futi kumi na tatu na nusu. Alifikiri amesoma vibaya. Akakaa ukingoni. Saa nne maji yalikuwa kumi na nne, na rangi yake si ile ya jana. Yalikuwa mekundu, mazito, yamebeba matete yaliyong'olewa pamoja na mizizi yake, gogo la mninga, paa la ghala zima likizunguka polepole. Yalikuwa maji mapya, ya mahali pengine.

Alikimbia hadi misheni. Padre alikuwa bustanini, kanzu ameikunja kiunoni. Kelestini hakukumbuka hata kusema Tumsifu Yesu Kristo. Alimpa karatasi tu, akaonyesha neno kwa kidole.

"Hili, Baba. Hili ni nini?"

Padre alisoma kimya, kisha akasoma tena, sasa kwa Kiswahili. "Mvua imetulia. Mto utapungua baada ya kilele cha pili, ambacho sasa kiko njiani. Kilele, Kelestini. Kilele cha mafuriko. Maji makubwa kuliko ya kwanza, pengine." Akainua macho. "Karatasi hii ilifika lini?"

Kelestini aliinua mkono. Akaonyesha vidole vitano.

Padre alimrudishia karatasi. Alitembea haraka, kisha akakimbia, na muda si muda kengele ya kanisa ikaanza kulia bila mpango, kama inavyolia nyumba inapoungua.

Kivukoni Kelestini alimkuta Hermenegildi. Alikuwa ametoka shambani alfajiri kuleta kambale wabichi kwa shemeji yake, mume wa dada yake, na sasa alikuwa akisukuma mtumbwi wake majini kama mwenye wazimu, macho kwenye yale maji mekundu. Kelestini akarukia ndani bila kuuliza, akachukua kafi.

Walikwenda muda mrefu. Mbuga yote ilikuwa ziwa. Mpunga ulionekana chini ya maji, masuke yamelala upande mmoja. Hermenegildi alisimama nyuma na upondo, akiusukuma kwa mwili mzima, na kila aliposukuma alikoroma.

"Karatasi ilisema utapungua," alisema mwishowe. Hakuwa akimlaumu. Alikuwa akijiuliza. "Mzungu naye amekosea. Hata wao hukosea."

Kelestini angeweza kunyamaza. Baadaye alisema kwamba alitamani sana kunyamaza. Mzungu alikuwa mbali, karatasi iko mfukoni, na padre si mtu wa maneno mengi.

"Mzungu hakukosea," alisema. "Aliandika kwamba maji mengine yanakuja. Kulikuwa na neno sikulijua. Nikalikisia."

Upondo ukasimama. Mtumbwi ukaanza kuzunguka, mkondo ukiuvuta.

"Neno."

"Neno moja."

"Na hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Kelestini hakugeuka. Alisikia pumzi za yule mtu nyuma yake, na alijua upondo ule ni mti mgumu, na kwamba pigo moja tu lingetosha. Alisubiri. Maji yaligonga ubavu wa mtumbwi.

"Piga kafi," Hermenegildi akasema.

Waliwaona saa nane hivi. Mahali palipokuwa na shamba la Bibi Balbina palibaki kichuguu kimoja kikubwa kilichotokeza majini, upana wake kama chumba kidogo, na juu yake wamesimama watatu. Verediana alikuwa amemfunga Digna mgongoni kwa kanga. Bibi Balbina alikuwa ameshika jembe, na chini yake nyoka wawili waliokatwa. Siafu waliokimbia maji walikuwa wamewauma miguu mpaka ngozi imevimba.

Hermenegildi hakuwatazama wao. Alitazama mbele, shamba la pili, hatua kama mia tatu. Pale palikuwa na nguzo mbili za dungu, zimeinama. Nyingine hazikuwepo.

"Margareta yuko wapi?"

Verediana alilia kabla ya kujibu. "Alikuwa pale juu. Alikuwa akituita tangu asubuhi, na sisi tunamwitikia. Akawa anaimba ili tujue yupo. Halafu dungu likalala. Alishika gogo, kaka. Tulimwona ameshika gogo. Aliendelea kuita, sauti ikawa inafifia, inafifia, ikaelekea kule." Alinyoosha mkono upande maji yalikokwenda. "Hata sasa nadhani naisikia."

Mtumbwi ulikuwa wa watu wawili, kwa shida watatu na mtoto. Kelestini aliona alichopaswa kufanya, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusita. Alitoka mtumbwini akasimama kwenye kichuguu, maji yakiwa kifundoni.

"Nenda," alimwambia Hermenegildi. "Sisi tutakaa. Nenda umtafute."

"Baba Digna!" Bibi Balbina alipiga kelele. "Mtoto je? Mchukue mtoto kwanza!"

Hermenegildi aliwatazama wote wanne, mmoja mmoja. Kisha akasukuma upondo akaenda, na matete yakamfunika.

Kelestini alichomeka kijiti mahali maji yalipofika. Ilikuwa tabia ya kazi, hakujua kufanya jingine. Kijiti kikafunikwa. Akachomeka kingine, juu zaidi. Digna aliomba maji ya kunywa, na Verediana akamchotea kwa kiganja maji yale yale mekundu.

"Kwa nini umempa mtumbwi?" Verediana aliuliza kwa sauti ya chini. Hakuwa na hasira bado. Alitaka tu kuelewa.

Akamwambia. Alimwambia yote, mbele ya mama yake: uwanja wa shule, neno, nusu ya saa ya kwenda misheni. Bibi Balbina alikaa chini palepale kwenye siafu.

Verediana alimgeukia mumewe. "Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kuonekana sijui."

"Na nani?"

Alifikiri. Alikumbuka nyuso zile uwanjani, watu wenye njaa waliotaka kujua tu kama waende au wakae. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemcheka.

"Sijui," alisema.

Kijiti cha tatu kikafunikwa. Walisogea hadi kileleni, wakasimama wamebanana, mtoto katikati. Kelestini alijaribu kusali rozari, akasahau fumbo alilofikia, akaanza tena, akasahau tena. Alianza kuwaza kwamba Hermenegildi hatarudi. Alijiuliza kama yeye mwenyewe angerudi, kama angekuwa ndiye Hermenegildi. Jibu alilolipata lilimwogopesha kuliko maji. Akamchukua Digna akampandisha mabegani, akamwambia amshike nywele, asiachie hata iweje.

"Baba, nitashuka lini?" mtoto akasema.

"Bado. Shika tu."

Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Udzungwa, limeelekea kushuka, walipoona matete yakitikisika. Mtumbwi ulitokea. Hermenegildi alikuwa peke yake. Kwenye sakafu ya mtumbwi palikuwa na kanga ya Margareta iliyolowa, ya rangi ya machungwa, na hakuna kingine.

Aliusogeza mtumbwi mpaka ukagusa kichuguu, akaushika usitingishike.

"Mama na mtoto kwanza," alisema. "Na bibi. Wewe utashika ubavu, utaogelea."

Kelestini alishika ubavu wa mtumbwi akaburutwa majini hadi kwenye mwinuko wa kwanza wenye miti, karibu saa nzima, akimeza maji, akipigwa na magogo. Mara mbili mikono iliachia. Mara zote mbili Hermenegildi alisimamisha mtumbwi akamsubiri, bila kumpa mkono na bila kumtazama.

Walikufa watu sita mbugani masika yale. Margareta alionekana siku ya nne, mbali sana chini ya mto, kupita kivuko, na alizikwa pale pale alipopatikana kwa sababu hali haikuruhusu kubebwa.

Jumapili, baada ya misa, Kelestini alimwomba jumbe awazuie watu uwanjani. Alisimama, kaptula haina pasi, akasema. Hakuwa na maneno mengi. Alisema karatasi ilionya, naye hakuielewa, na badala ya kuuliza alikisia kwa sababu ya majivuno yake, na waliokufa walikufa kwa kinywa chake. Mzee mmoja aliyefiwa na wajukuu wawili alitema mate chini akaondoka. Mwanamke mmoja alianza kumtukana kwa Kindamba, akakatwa na kilio chake mwenyewe. Jumbe alitazama viatu. Hakuna aliyempiga, na Kelestini aliondoka pale akiwa kama mtu aliyenyimwa kitu.

Bwana Mpimaji alifika mwezi uliofuata, njia zilipokauka. Kelestini alimweleza. Mzungu alisikitika, akasema lingeweza kumpata yeyote, kisha akaomba daftari. Namba zote zilikuwamo, hata za siku ile ya maji mekundu mpaka saa nne. Alizisifu. Alimtaka aendelee na kazi. Kelestini alimkabidhi kalamu na daftari na funguo za kibanda cha kivukoni, akasema atalima.

Verediana hakumwacha, ingawa kwa miezi mingi hakula naye sahani moja. Bibi Balbina alirudi kwake, na salamu ya shikamoo aliipokea kwa kutikisa kichwa tu.

Mwezi wa saba, mchana, Hermenegildi alifika nyumbani. Alikuwa hajakanyaga pale tangu masika. Alikonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Verediana alimletea kigoda, hakukaa.

"Kaka yake Margareta yuko Mahenge," alisema, akimtazama Kelestini usoni kwa mara ya kwanza. "Hajui. Nilidhani nitakwenda mwenyewe, lakini miguu imegoma. Nataka barua."

"Mimi?" Kelestini akasema.

"Nani mwingine anaandika hapa?"

Waliketi mkekani. Hermenegildi alisema polepole, kila neno peke yake, na Kelestini akaandika kwa Kiswahili kile kile kilichosemwa, bila kuongeza na bila kupamba. Dada yako Margareta amekufa kwa maji, mwezi wa nne. Alikuwa shambani. Nilimtafuta jioni ile na siku tatu nyingine. Amezikwa mbali chini ya mto, kupita kivuko, kaburi nimeliwekea mawe. Nilikuwa nimekwenda kupeleka samaki. Hapo akasema, "Andika hilo la samaki mara mbili." Kelestini akaliandika mara mbili.

"Nisomee."

Akamsomea.

"Tena."

Akamsomea tena. Hermenegildi alichukua karatasi, akaitazama herufi zile asizozijua, akaigeuza.

"Sasa twende kwa padre," alisema. "Aisome na yeye. Nisikie kama inasema hivyo hivyo."

Kelestini alisimama akachukua kofia. Walitembea nusu saa ile yote kwenye jua, mmoja mbele mmoja nyuma, wakapita shuleni, wakapita sokoni, na watu wakawatazama. Barazani misheni padre aliisoma barua kwa sauti, toka mwanzo hadi mwisho. Hermenegildi alisikiliza amefumba macho.

"Ndivyo," alisema. Akaikunja, akaiweka kifuani ndani ya shati, akamshukuru padre, akashuka ngazi akaenda zake bila kuaga.